Nyoka Asiye na Neno

Jumamosi hiyo Wekoye alifika nyumbani Kanduyi akiwa amefunga skafu shingoni. Ilikuwa saa kumi za jioni, mwezi wa pili, na jua lilikuwa bado linachoma mabati. Nangila, mkewe, alikuwa amesimama kwenye mlango wa saluni yake iliyo mbele ya nyumba, akikung'uta nywele za bandia zilizonasa kwenye aproni. Alimwona tangu akiwa mbali, na hata kabla ya salamu alikuwa ameshauliza.

"Shingo imefanya nini, Baba Nelima?"

"Nyoka."

Alisema hivyo tu, akampita akaingia ndani.

Mke wa mtu mwingine angepiga mayowe. Lakini Wekoye alikuwa na miaka saba akifanya kazi kwenye bustani ndogo ya nyoka nje ya Kitale, upande wa Endebess, mali ya mwalimu mstaafu aliyeitwa Mzee Kizito. Alilisha nyoka, akasafisha vizimba vyao, akawaonyesha wageni, hasa watoto wa shule. Wiki nzima alilala huko, Jumamosi akarudi Bungoma, Jumatatu alfajiri akaondoka. Nangila alikuwa amezoea kusikia habari za nyoka kama wake wengine wanavyosikia habari za ng'ombe.

Alimfuata chumbani. "Hebu nione."

Wekoye alifungua skafu polepole, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu aliyelala vibaya. Kuanzia chini ya sikio mpaka kwenye mfupa wa bega palikuwa na doa kubwa la zambarau, kingo zake zimeanza kuwa njano. Nyama ilikuwa imefura. Katikati palikuwa na vidonda vidogo vidogo vilivyojipanga kama mwezi mchanga.

"Nyoka gani huyo?"

"Kamba."

Nangila alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka chenyewe.

Nangila alimjua Kamba. Alikuwa nyoka mwembamba wa rangi ya majani makavu, na mistari miwili ya njano mgongoni. Ndiye nyoka aliyetolewa nje kila siku ili watoto wamshike, wavishwe shingoni, wapigwe picha. Binti yao Nelima alipofikisha miaka sita alipigwa picha naye. Na siku kina mama wa kanisa walipotembelea bustani, Nangila akiwa miongoni mwao, alimsikia mumewe kwa masikio yake akiwaambia: "Huyu hana neno. Huyu mnaweza kumtumia kufungia mzigo." Wakacheka wote, na hata mke wa mchungaji akamshika.

"Kamba ndiye amekufanya hivi?" aliuliza. "Kamba wa kupiga picha?"

"Ndiyo. Alhamisi, nikiwa na watoto wa shule. Alinishika hapa akakataa kuachilia."

"Wekoye, mimi nasuka vichwa vya wanawake miaka kumi na mbili. Wanakuja hapa wananiambia, mama, niachie nywele kidogo zifunike shingo. Nawaachia. Sasa wewe unaniletea alama kama hiyo unaniambia ni nyoka? Na nyoka mwenyewe ni Kamba?"

Wekoye alimtazama kwa muda. Alifungua mdomo kama mtu mwenye maneno mengi, kisha akaufunga. "Sawa," alisema. Akajifunga skafu tena, akajilaza kitandani na viatu vyake.

Jioni hiyo Nangila alikuwa akipakua ugali simu ya mumewe ilipotetemeka mezani. Yeye Wekoye alikuwa bafuni. Kwenye kioo palikuwa na jina, Jelimo Kazi, na ujumbe wote ulisomeka bila hata kuifungua: *Umefika salama? Bado inauma? Kesho asubuhi nitumie picha usisahau.*

Aliusoma mara mbili. Mwiko ulikuwa mkononi, ugali unapoa.

Hakumjua Jelimo kwa sura. Alijua alikuja bustanini mwezi wa nane, kwamba kwao ni juu huko karibu na Suam, na kwamba alikuwa na diploma ya mambo ya wanyama. Mengine yote aliyajua kutoka mdomoni mwa Wekoye. Jelimo anasema nyoka hawasikii kama sisi. Jelimo alimshika swila mkubwa bila kutetemeka. Jelimo jana alinichekesha mpaka chai ikanitoka puani. Siku moja, wakila chakula cha mchana baada ya kanisa, Nangila alihesabu jina hilo likitajwa mara saba kabla ya kunawa mikono. Tangu siku hiyo alikuwa amemtengenezea Jelimo kichwa. Mtu wa kusuka hawezi kumfikiria mwanamke bila nywele. Alimpa rasta nyembamba zinazofika kiunoni, zile za kazi ya siku nzima, na ncha zilizochovywa maji ya moto. Akampa na shingo ndefu.

Jumapili Wekoye hakwenda kanisani. Kichwa kilimwuma, na shingo ilikataa kugeuka. Nangila aliporudi alimkuta amesimama mbele ya kioo cha bafuni, amevua shati, anajipiga picha ya shingo. Alirudi nyuma kwa vidole vya miguu asisikike. Alikaa jikoni akasikia mlio mdogo wa simu ikituma.

"Mzee amenipa siku tatu," Wekoye alimwambia baadaye. "Ati wageni wasinione hivi."

"Na Jelimo amesema nini?"

"Jelimo ameingiaje hapo?"

"Nimeuliza tu."

Mchana huo alivuka ua kwenda kwa jirani yake Dinah, muuzaji wa mitumba, mzaliwa wa Naitiri. Hakumwambia yote. Alimwuliza tu kama anamjua nyoka wa mistari miwili.

"Ile ya majani? Hiyo sisi tulikuwa tunaikamata tukienda kuteka maji," Dinah alisema. "Hiyo haina kitu, bana. Kuku wanaikula. Nani amesema imemuuma?" Kisha akamtazama vizuri rafiki yake, akashusha sauti. "Mama Nelima, aki fungua macho."

Nangila alikuwa ameshayafungua. Usiku hakulala.

Jumatatu asubuhi alimwambia mumewe anakwenda Malakisi kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Alivaa gauni la bluu la harusi ya dada yake, akapaka mafuta, akachukua mkoba wake wa kazi kwa mazoea tu. Saa nne alikuwa amesimama kwenye lango la bustani ya nyoka, Kitale, vumbi limejaa kwenye viatu.

Jumatatu bustani hufungwa. Aliyekuja kumfungulia lango alikuwa msichana mrefu aliyevaa gambuti na ovaroli iliyokatwa mikono, ndoo ya maji mkononi. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa fupi kabisa, kama za mwanafunzi wa bweni. Nangila alitazama nyuma yake kutafuta yule mwenye rasta.

"Leo tumefunga, mama," msichana alisema. Kisha akatabasamu, na pengo dogo likaonekana katikati ya meno ya mbele. "Ngoja. Wewe si ni Mama Nelima? Wekoye ameweka picha yako kwa simu. Karibu. Amezidiwa?"

Nangila alibaki nje ya lango. Kwamba alijulikana hapa, kwamba picha yake ilikuwa imetazamwa na macho haya, hakujua kama kulimfurahisha au kulimkera.

"Wewe ndiye Jelimo."

"Ndiyo mimi."

"Wewe ndiye unaambia bwanangu akutumie picha za shingo."

Tabasamu la Jelimo lilikufa. Aliweka ndoo chini. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Hilo Nangila alilikubali hata wakati ule, na likamwongezea hasira.

"Kuja ndani," Jelimo alisema. "Nikuonyeshe kitu."

Ndani ya banda la vioo palikuwa na joto na harufu ya panya. Jelimo alichukua daftari kwenye rafu, akalifungua, akampa. Kulikuwa na mwandiko mdogo, safi. *Alhamisi, saa nne na dakika ishirini: ameumwa shingoni, dakika mbili hivi. Saa tano kasoro kumi: imeanza kufura. Saa sita: imefika mfupa wa bega, damu kidogo bado inatoka. Saa nane: kichefuchefu, kichwa, tezi chini ya taya. Ijumaa asubuhi: rangi imekuwa zambarau.* Iliendelea mpaka Jumapili.

"Watu wote wanasema huyu nyoka hana neno," Jelimo alisema. "Hata vitabu vingine. Na kweli hajaua mtu, mimi sijasikia. Lakini ana sumu kidogo, mama. Meno yenye sumu yako nyuma kabisa, kama magego. Akikuuma akaachilia, hakuna kitu. Akitafuna, ndio inaingia. Wekoye hakumtoa haraka kwa sababu watoto arobaini walikuwa wanamwangalia, hakutaka waogope. Akatembea nao polepole mpaka nyuma ya pazia. Mimi ndio nilimtoa."

"Kwa mkono wako."

"Sasa ningemtoa na nini?"

Nangila aliliangalia daftari. Kila saa ya mumewe kwa siku nne ilikuwa imeandikwa na mwanamke mwingine. Kama ni uongo, ulikuwa uongo wa watu wawili waliokaa wakapanga. Na mtu anaweza kuandika chochote.

"Kamba ni yupi?" aliuliza.

Jelimo alimwonyesha sanduku la kioo lililokuwa mwisho. Halikuwa na kufuli kama mengine. Kifuniko tu, na ndoano ya waya. Nyoka alikuwa amelala kwenye tawi, kichwa chembamba juu ya mkunjo wa mwili wake mwenyewe. Jelimo aligeuka kurudisha daftari kwenye rafu. Nangila alitoa ndoano, akainua kifuniko, akatia mkono wake wa kushoto.

Nyoka hakutaka vita. Alikimbia. Alizunguka sanduku mara tatu, mwepesi kama mjeledi, na Nangila akamfukuza kwa mkono mpaka akamkandamiza kwenye kona. Hapo ndipo alipogeuka. Alimshika kwenye nyama laini kati ya kidole gumba na kile cha shahada. Haikuuma sana. Ilikuwa kama kuchomwa na sindano za kushonea weavu, nyingi kwa pamoja.

"Mama! Wee mama, unafanya nini!" Jelimo alikuwa ameshafika. "Usivute! Ngoja nimsukume kichwa."

Nangila alimzuia kwa mkono wa kulia, akamsukuma kifuani. "Mwache."

"Anatafuna!"

"Mwache atafune vile alitafuna bwanangu."

Nyoka alifanya hivyo. Taya zake zilisonga mbele kidogo kidogo, upande huu, upande ule, kama mtu mzee anayetafuna nyama ngumu. Nangila alimtazama bila kupepesa. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake na aliipa dakika mbili kamili. Zilipotimia alishusha mkono wa kulia, na Jelimo akaibana taya ya yule nyoka taratibu, akamsukuma mbele, akamtoa, akamrudisha kwenye tawi lake.

Waliketi kwenye benchi nje ya banda. Jelimo alimwosha kwa maji na sabuni. Damu ilikuwa nyembamba na haikutaka kukoma.

"Vua pete," Jelimo alisema.

"Nini?"

"Mkono ukifura, pete itakukaba. Vua sasa."

Nangila aliukunja mkono kifuani. "Pete yangu unataka kuitoa wewe?"

"Basi itoe mwenyewe."

"Haitolewi na mtu hapa."

Jelimo alimwaga maji ya sabuni. Wakakaa.

Dakika kumi zilipita. Kumi na tano. Mkono ulikuwa vilevile, mkono wake wa siku zote, wenye sugu ya uzi kwenye vidole. Nangila aliutazama, na hofu ikampanda. Alikuwa ameshapanga tangu usiku: ikiwa mkono hautafura, hatarudi Kanduyi. Angepita moja kwa moja kwa kaka zake kule Kimilili, awaambie wakamchukue Nelima. Sasa aliona jinsi mpango huo ulivyokuwa karibu, umbali wa ngozi kavu isiyobadilika. Alijikuta akiuombea mkono wake mwenyewe ufure. Mungu, ufure. Uharibike kabisa kama ni lazima. Hakuwahi kuomba kitu kwa nguvu kama hiyo, na kando yake alikaa yule aliyesababisha maombi, akiutazama mkono uleule.

Dakika ya ishirini ulianza kuwasha. Kisha joto. Kisha vifundo vya vidole vikaanza kupotea, kimoja baada ya kingine, ngozi ikajaa ikang'aa.

Nangila alianza kulia.

"Inauma sana?" Jelimo aliuliza.

"Inafura," Nangila alisema. "Unaona? Inafura."

"Naona, mama."

Furaha hiyo haikukaa. Saa tano na nusu kidole cha pete kilikuwa kama ndizi tamu, na pete imezama ndani. Maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko, mazito, yenye mapigo. Jelimo alijaribu sabuni, akajaribu mafuta. Alitafuta koleo ya kukatia waya.

"Usikate," Nangila alisema kwa meno yaliyobana. "Kwa mkoba wangu kuna uzi. Ule mweusi wa kusukia. Pitisha ncha chini ya pete. Hapo. Sasa zungusha kidole chote kuelekea kwa kucha, kaza, usiache nafasi. Mimi nimetolea wateja hivyo."

Jelimo alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi, akazungusha uzi. Alikaza, akaomba radhi, akakaza tena. Kisha akafungua ule uzi kutoka upande wa kiganja, na pete ikapanda mzunguko kwa mzunguko juu ya nyama iliyobanwa, mpaka ikaangukia kwenye kiganja chake. Hakuishika hata sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Aliiweka kwenye mkoba wa Nangila, akafunga zipu mbele ya macho yake.

"Sasa hospitali," alisema.

Kwenye hospitali ya mjini kijana mmoja mwenye koti jeupe aliwauliza ni nyoka gani. Jelimo alimweleza.

"Huyo hana sumu," kijana alisema bila kuinua kichwa. "Dawa ya maumivu, aende nyumbani. Amefura kwa sababu ya kuogopa."

"Daktari, mkono haufuri kwa kuogopa," Jelimo alisema. "Ana sumu. Kidogo, lakini anayo. Na huyu alitafunwa dakika mbili."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ndio nalisha hao nyoka. Angalia mkono, usiangalie mimi."

Kijana aliangalia. Uvimbe ulikuwa umevuka kiwiko, na pale palipoumwa ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwa chini. Aliita mwenzake mkubwa. Yule mkubwa alisema hakuna dawa ya sumu ya nyoka wa namna hiyo, na ile ya nyoka wengine haitasaidia. Ni kungoja, kupima mapigo, kuhakikisha damu inaganda. Wakamchoma sindano ya pepopunda. Wakamweka kwenye kitanda kando ya dirisha, mkono juu ya mito miwili, na Jelimo akaketi kwenye kiti cha plastiki na gambuti zake.

Nangila alitapika mara moja. Jelimo alimshikia beseni. Kisha akamfuta mdomo.

"Kwa nini hakuniambia?" Nangila aliuliza. "Haya ya magego, ya kutafuna."

"Alisema alianza kukuambia ukacheka."

Nangila aliusogeza mkono juu ya mto.

"Na alikuwa na aibu," Jelimo aliendelea. "Miaka saba anaambia watu hana neno. Siku hiyo nyuma ya pazia alikuwa anatetemeka, mama. Alisema siku hizi anaogopa nyoka. Si Kamba peke yake, wote. Ati tangu mwaka jana akiingia kwa banda asubuhi mikono inakuwa baridi, lakini hajui kazi ingine. Akalia kidogo."

"Alilia?"

"Kidogo tu."

Nangila aligeuza uso kwenye dirisha. Mumewe hakulia walipomzika baba yake. Hakulia Nelima alipozaliwa miguu mbele na wakunga wakakimbia ovyo. Miaka kumi na moja kwenye kitanda kimoja, naye hajui machozi ya Wekoye yanafananaje. Huyu alikuwa ameyaona, na shingo ameishika. Alama ya midomo ingemwuma kidogo kuliko hili. Alama ya midomo angejua la kuifanya.

"Unampenda?" aliuliza, akiwa bado ametazama nje.

Jelimo alichukua muda. Nangila alimshukuru kwa muda huo, ingawa ulimchoma.

"Si vile unafikiria," Jelimo alisema mwishowe. "Lakini saa ya chakula huwa nacheka. Huku sina mtu mwingine wa kucheka na yeye. Nikikudanganya hapo nitakuwa nimekudanganya."

Saa tisa walimruhusu aende, mkono umefungwa kwenye kitambaa shingoni. Jelimo alimlipia gari la kumfikisha mpaka Kanduyi na hakutaka kusikia neno.

Wekoye alikuwa ameketi nje ya saluni iliyofungwa, akimwangalia Nelima akiruka kamba. Aliinuka. Aliutazama mkono, akauona ulivyofura, akaona rangi yake. Alikuwa mtu pekee Bungoma nzima ambaye hakuhitaji kuuliza ni nini.

"Hukuenda Malakisi," alisema.

"Sikuenda."

"Alikuuma ukisafisha? Ukipita? Ilikuwaje?"

"Nilitia mkono mwenyewe. Nilitaka kujua kama unadanganya."

Wekoye alimwambia Nelima aende kwa kina Dinah akacheze. Mtoto alipoondoka, yeye alikaa tena.

"Kwa hiyo sasa umeniamini," alisema.

"Nimeuamini mkono."

"Nangila, mimi ni bwanako. Ulikuwa unataka kutoa mkono mzima ndio uniamini? Na kama ungekuwa umekosea sanduku? Kama la swila lingeachwa bila kufuli?" Sauti yake ilipanda mpaka ikapasuka. "Ungekufa kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya Jelimo?"

"Ulilia mbele yake."

Wekoye alijishika shingo.

"Nilidhani utasema ni uongo," Nangila alisema. "Nilikuwa naomba njia yote useme ni uongo."

"Si uongo."

"Kwa nini yeye?"

"Yeye alikuwepo," Wekoye alisema. "Na wewe nilikuja nikakuonyesha, ukacheka."

Jua lilikuwa likishuka upande wa Malaba. Mwishowe Wekoye aliingia ndani kupika, kwa sababu mwenye kupika alikuwa na mkono mmoja. Nangila alimfuata akaketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Mumewe alikata sukuma vibaya, vipande vikubwa kama vya kulishia sungura, na akiwa amempa mgongo, bila kuulizwa, alianza kusema. Alisema jinsi mikono inavyokuwa baridi. Alisema ndoto anayoota, kwamba anahesabu masanduku na moja liko wazi. Alisema aliogopa kwamba akiacha nyoka hatakuwa mtu yeyote, kwa sababu hata barabarani watu humwita Wekoye wa Nyoka. Nangila alisikiliza. Mara mbili alitaka kusema kitu, mara mbili akakiacha. Alikuwa bado na hasira, na wivu ulikuwa pale pale, umekaa kifuani kama chakula kisichoshuka. Lakini alisikiliza mpaka mwisho.

Hakusuka mtu kwa siku tisa. Wateja wengine walienda kwa msusi wa ng'ambo ya barabara, na wawili hawakurudi. Uvimbe uliisha, doa likageuka kijani, kisha kahawia. Ngozi iliwasha kwa mwezi mzima, na kidole gumba kilibaki kigumu asubuhi za baridi. Dinah alisema angemwambia mapema, kama angejua anakokwenda, kwamba hata kwao Naitiri kulikuwa na mtu aliyefura.

Wekoye alimwambia Mzee Kizito ukweli, kuhusu Kamba na kuhusu yeye mwenyewe. Mzee hakufurahi, lakini Kamba aliondolewa kwenye mikono ya watoto, na ile kazi ya kuwaonyesha wageni ikapewa Jelimo. Wekoye akabaki na miti, ua, na lango, ambako alikuwa na furaha zaidi kuliko alivyokiri.

Mwezi wa nne, Jumapili ya mvua, Jelimo alikuja Kanduyi. Nangila ndiye aliyemwita, na tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kwa nini. Alichinja kuku. Walikula vizuri. Kisha, wakati wa chai, Wekoye alitaja jambo fulani kuhusu Mzee Kizito na mwavuli, na yeye na Jelimo wakaangua kicheko kwa wakati mmoja, kile cha watu wanaoijua hadithi nzima. Nangila alihisi kifua kikimbana kama zamani. Angeweza kuinuka akaenda kuosha vyombo.

"Mnacheka nini?" aliuliza. "Nielezeni na mimi."

Wekoye alimweleza. Ilikuwa ndefu, na Jelimo alimsahihisha mara mbili. Mzee alikuwa amefungua mwavuli akidhani ni fimbo, au alishika fimbo akidhani ni mwavuli, na mbuzi wa jirani akahusika. Haikumchekesha hata kidogo, akawaambia hivyo. Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye na uso wake, na Nangila akawamiminia chai iliyobaki.